Pingamizi la Konokono Kuhusu Uchochoro wa Nyuma

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mipango Miji,
kupitia dirisha la kupokelea barua, ambalo nililichungulia juzi nikiwa ng'ambo ya barabara, kisha nikarudi nyumbani.

YAH: KUPINGA KUPANULIWA KWA UCHOCHORO WA NYUMA YA MTAA WETU

Mheshimiwa, shikamoo.

Kabla sijafika kwenye malalamiko, naomba nikiri kwako jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata Bibi, ambaye huambiwa yote. Mimi ni mwenzako. Nami ni mpanga miji. Tangu darasa la nne nina mpango mkuu wa mji huu kichwani, wenye njia kuu, njia za dharura na maeneo ya hatari, na mpango huo una lengo moja tu: kutoka nyumbani hadi shuleni na kurudi bila kusalimiana na mtu.

Mtaani wanasema naringa. Kaka yangu, ambaye haya hata ya dawa hana, huniita Konokono, kwa kuwa nikiguswa kidogo naingia ndani. Ukweli ni kwamba salamu hunikwama kooni kama kidonge kilichomezwa bila maji. Mwaka jana nilikutana uso kwa uso na mwalimu mkuu kwenye kona ya duka la vitabu. Nikasema, "Shikamoo," na kabla hajafungua kinywa, kwa woga tu, nikaitikia mwenyewe, "Marahaba." Nikajiuliza habari za nyumbani, nikajijibu kuwa ni nzuri, nikaondoka. Mwalimu alibaki amesimama na mkoba wake. Tangu siku hiyo kona ile imefungwa katika mpango wangu, na sina tarehe ya kuifungua.

Ndiyo maana natumia uchochoro. Unaanzia kwenye tangi la maji, unapita nyuma ya nyumba zetu, unaishia kwenye ukuta wa shule. Upande mmoja ni majiko, upande wa pili ni milango ya nyuma ya watu wenye kazi zao. Wawili wakipishana, mmoja lazima ageuke ubavu. Unanuka sabuni, pasi ya moto na mafuta ya nywele. Katika ramani yenu hauna hata jina, lakini sasa una mstari mwekundu.

Naomba nieleze nilivyoujua mstari huo, kwa maana hapo ndipo nilipojitia kitanzi. Shuleni tunasoma kwa lugha mbili, hii ya nyumbani na ile ya mitihani. Mimi nina haya katika zote mbili. Mwenyekiti wa mtaa alipotuletea kabrasha lenu, lilikuwa limeandikwa kwa ile ya mitihani tangu jalada hadi jalada. Akaligeuzageuza, akasema kwa kweli limeandikwa vizuri. Bibi akaniita. Nikaketi kwenye baraza yake ya nyuma, watu wa uchochoroni wamenizunguka, kabrasha limenifunika uso, nikatafsiri. Kabrasha lenu ni pana, Mheshimiwa, na nilikuwa nimejificha vyema hata nikasahau kuogopa. Nilipomaliza, Mwenyekiti akatangaza kuwa huyu mtoto ndiye atakayesimama Jumamosi kwenye kikao cha maoni kutusemea. Akauliza kama kuna anayepinga.

Mimi nilipinga sana, moyoni. Kimya changu kikachukuliwa kuwa ridhaa. Nimeona baadaye kwamba ukurasa wenu wa mwisho unasema mtaa usiosimama kutoa pingamizi Jumamosi utachukuliwa kuwa umekubali. Inaelekea ofisi yako na Mwenyekiti wetu mnatumia sheria moja.

Kwa kuwa kusimama sitaweza, naandika. Malalamiko yangu ni haya.

Moja. Kuhusu nadharia ya mwili. Kabrasha linasema mji ni mwili, barabara ni mishipa, magari ni damu, na uchochoro wetu ni mshipa ulioziba, unaopaswa kupanuliwa ili damu ifike sokoni upesi. Mheshimiwa, biolojia tumesoma. Si kila penye upenyo mwilini ni mshipa. Kuna kwapa. Kwapa halipendezi, halipitishi kitu, na hakuna anayelionyesha wageni. Lakini limwagie lami, uone kama mkono utainuka. Uchochoro wetu ni kwapa la mji, na neno hili naliandika kwa heshima zote.

Mbili. Kuhusu nadharia ya kutenga maeneo. Mnasema mji mzuri huweka kila kitu mahali pake: hapa watu walale, hapa wafanye kazi, pale wapumzike. Mnaulaumu uchochoro wetu kwa kuchanganya. Ni kweli, unachanganya. Fundi cherehani ameweka meza yake chini ya dirisha la jiko letu, na nguo za wateja wake huenda harusini zikinukia vitunguu vyetu. Kinyozi hunyolea mlango wa nyuma kwa sababu wa mbele una jua. Mama wa duka hupanga magunia yake mahali watoto wanapojificha, kwa hiyo akiinua gunia la mchele huweza kukuta mtoto.

Lakini kutenga nako tumekujaribu. Baba alivutiwa mno na ukurasa huo, akautumia nyumbani. Sebule ikawa eneo la mazungumzo, jiko eneo la uzalishaji, na koridoo eneo la usafiri, hairuhusiwi kusimama. Ili kuipunguzia mzigo serikali kuu, yaani Mama, madaraka yakagawanywa. Kaka akapewa bafu. Akatunga sheria ndogo, akapanga zamu, akajigawia zamu zote. Baba alipolalamika akaambiwa alete malalamiko kwa maandishi. Siku ya tatu Mama aliivunja serikali ile kwa mwiko, na tangu hapo tunaoga kama zamani, anayewahi ndiye anayeoga.

Mimi peke yangu niliusikitikia utawala ule. Katika eneo la usafiri hakuna aliyeruhusiwa kusimama na kuniuliza shule inaendeleaje.

Tatu. Kuhusu nadharia ya macho. Mnasema mtaa wenye watu wengi wanaotazama hauna wizi, kwa hiyo barabara mpya itawekewa taa na mabenchi. Nakubali. Barabara yetu ya mbele ina macho mengi, na kweli haina wezi. Haina mimi pia. Ukipita pale na kiatu kilichoachia, unamkuta Mama mlangoni ameshashika gundi. Siku niliyopata alama za aibu katika hisabati, habari zilifika nyumbani, zikapumzika, zikanywa maji, ndipo mimi nikaingia.

Uchochoroni hakuna anayeniona. Silisemi kwa kubahatisha, nimelichunguza kwa miaka. Fundi cherehani huangusha sindano kila ninapopita, akainama kuitafuta chini ya meza. Ni fundi mwenye mikono mizito kuliko mafundi wote wa mji huu, na sijui wateja anawapata wapi. Kinyozi, kwa bahati, huwa ndiyo kwanza amegeukia ukuta kupuliza nywele kwenye mashine yake. Mama wa duka huwa kichwa chake kimo ndani ya gunia, hadi mabegani. Na yule mzee fundi saa ana kikohozi kibaya sana, maskini. Humsikia akikohoa kabla hajatokeza kwenye kona, nami huwa nimeshajibanza nyuma ya pipa. Mara kadhaa nimetaka kumwambia pole, lakini ningelazimika kuanza na salamu.

Kwa ushahidi huu nathibitisha kuwa ni mahali pekee mjini ambapo mtu anaweza kupita asionekane. Mahali kama hapo, Mheshimiwa, hapajengwi. Hutokea tu, na pakishapotea hakuna bajeti ya kuparudisha.

Nne. Kuhusu nadharia ya kuwashirikisha wananchi. Mnasema mji unaongozwa na watu wake. Kisha mnasema anayetaka kuuongoza aje ukumbini, asimame, ashike kipaza sauti, ataje jina lake na mtaa wake. Naomba kuuliza kwa adabu: watu hao ni watu gani? Kwa utaratibu huu mji unaongozwa na wanaopenda kipaza sauti. Kikao kilichopita, anasema Mwenyekiti, bwana mmoja alishirikishwa mpaka mlinzi akaanza kuzima taa, na maoni yake yote yalihusu mbwa wa jirani.

Kwa hiyo napendekeza ofisi yako iunde Idara ya Wenye Haya. Maofisa wake wasijulikane. Mlango wake usiwe na kibao. Kazi zake ziwe kama ifuatavyo.

Kwanza, itangaze kwamba njia zote za waenda kwa miguu ni za upande mmoja, asubuhi kwenda, jioni kurudi, ili watu waonane visogo tu. Pili, kwenye kila makutano ijenge mzunguko wa salamu, ambapo mtu akimwona shangazi yake kwa mbali anaweza kuendelea kuzunguka mpaka shangazi aondoke. Tatu, iweke saa rasmi za kusalimiana na kuzibandika ukutani, na atakayemwambia kijana "jamani umekua" nje ya saa hizo aonyeshe kibali. Nne, kila nyumba mpya iwe na milango miwili ya nyuma, na wa mbele usiwepo.

Mwisho kabisa, ibadilishe namna ya kuchagua viongozi. Mnalalamika kila mara kuwa viongozi wanasema sana. Basi achaguliwe yule ambaye hakuja. Waliohudhuria mkutano wahesabiwe na warudishwe makwao, na yule aliyebaki nyumbani akiomba asiitwe, huyo ndiye diwani. Nimelipima jambo hili usiku na mchana na naliona halina dosari, isipokuwa moja niliyoigundua sasa hivi: kwa kanuni hiyo ningechaguliwa mimi. Ningepita bila kupingwa. Kisha ningetakiwa kutoa hotuba ya shukrani, na hotuba ingekuwa kwenye kipaza sauti. Naomba ukurasa huu uusome harakaharaka.

Sita. (La tano nimeliruka. Nitalirudia nikipata nguvu.) Kuhusu lugha ya kabrasha. Kuna sentensi inayosema wakazi walioguswa watahamishwa kwa utaratibu unaofaa. Katika lugha ya mitihani sentensi hiyo imevaa suti na tai, inapita mbele za watu bila kuulizwa. Nilipoivua nikaileta katika lugha yetu, ilibaki inatetemeka kwa baridi. Ahamishwe nani? Kwa utaratibu gani? Hayo hayakuwemo ndani ya suti.

Tano.

Mstari wenu mwekundu unapita juu ya kitanda cha Bibi.

Nimepima kwa rula. Unapita usawa wa mto wake, unakata dirisha, unatoka kwenye baraza. Chumba cha Bibi ni cha nyuma. Babu alimjengea kwa mikono yake, na mlango wake unafungukia uchochoroni kwa sababu magoti yake hayapandi tena ngazi za mbele. Chumba kikiondoka, nyumba yetu haina pa kumweka. Nimewasikia Baba na Mama wakinong'ona: atakwenda kwa Baba Mdogo, upande wa pili wa mji, ghorofa ya juu kabisa. Kule atakuwa na mandhari nzuri, amesema Baba. Bibi hajawahi kuhitaji mandhari. Anahitaji kufungua mlango akae, mtu apite, aseme neno.

Siku ile ya kutafsiri, nilipofika kwenye ukurasa huo nilisema kwamba baadhi ya kuta zitaguswa. Bibi akaniuliza ni kuta zipi. Nikasema kabrasha halijasema.

Lilikuwa limesema, Mheshimiwa. Ni mimi ambaye sikusema. Naona haya kumsalimia mwalimu mkuu, sasa ujasiri wa kumwambia bibi yangu kwamba mji unataka kupita juu ya mto wake ningeutoa wapi? Tangu siku hiyo naingia chumbani kwake mara chache, na nikiingia naangalia sakafu. Kwa hiyo mtu wa mwisho duniani ambaye nilikuwa simkimbii, sasa namkimbia. Mpango wangu mkuu umekamilika. Sina tena pa kwenda.

Kwa sababu hizi zote naomba mstari ufutwe au upindishwe, na uchochoro uachwe kama ulivyo, mwembamba, usio na taa, usio na benchi, usio na macho, ili watu wa aina yangu wawe na mahali pa kuwa hawapo.

Nisalimie maofisa wako wote, mchora ramani, dereva, mama anayesafisha ofisi, mlinzi wa getini na yule dada wa dirishani mwenye miwani, ambaye juzi alinipungia mkono nikajifanya nasoma bango. Wasalimie na nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Kama unavyoona, kwa maandishi mimi ni mwepesi sana wa salamu.

Ni mimi mtiifu wako, kwa mbali,
Konokono

Mheshimiwa, sijaikunja barua bado. Nasikia kandambili za Bibi zikija kwenye eneo la usafiri, zile zinazoburuza upande mmoja kwa sababu ya goti. Zimesimama nje ya mlango wangu, mahali pasiporuhusiwa kusimama. Kwa kawaida karatasi ingekuwa imeshaingia chini ya kitabu cha jiografia. Nimeshaishika pembe. Kitasa kinageuka.

Nimeiachia.

Nyongeza. Tafadhali usizingatie yaliyoandikwa hapo juu.

Bibi ameisoma barua yote, amekaa kwenye kitanda changu, midomo ikitembea. Kwenye kwapa alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Kwenye lalamiko la tano hakucheka. Aliniambia mstari mwekundu hausomwi kwa lugha yoyote, aliuona siku ileile kabla sijafungua kinywa, na alikuwa anangoja nimwambie kwa sababu hakutaka kuninyang'anya mzigo ambao nilikuwa najitahidi kuubeba. Kisha akarudi kwenye ukurasa wa macho, akaweka kidole kwenye jina la fundi cherehani, akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto anayetafuta kofia aliyoivaa.

"Mjukuu wangu," akasema, "yule fundi hajaangusha sindano tangu ajifunze kazi."

Walikubaliana, Mheshimiwa. Nilipokuwa darasa la nne, nikaanza kupita uchochoroni nikijibanza nyuma ya mapipa, walikaa wote kwenye baraza ya Bibi wakalijadili. Mama wa duka alitaka waniite, wanizoeze. Kinyozi akasema ukimvuta konokono unavunja nyumba yake. Wakapitisha kwamba nikipita kila mtu atafute cha kutazama, mpaka siku nitakayowatazama mimi. Kinyozi akachagua ukuta. Mama wa duka akachagua gunia, na Bibi anasema mara moja alipaliwa na unga. Yule mzee fundi saa hana kikohozi. Hajawahi kuwa nacho. Hukohoa pale kwenye kona tu, ili nipate muda wa kujificha, na wajukuu zake wamechoka kumletea dawa.

Hakukuwa na kikao ukumbini, wala kipaza sauti, wala kabrasha. Jambo likaamuliwa na kufuatwa mvua na jua, miaka yote hii, bila mtu kulivunja. Sijui nadharia yake inaitwaje. Katika vitabu vya lugha zote mbili sijaikuta.

Kwa hiyo nafuta neno langu. Uchochoro wetu una macho. Una macho kuliko barabara ya mbele. Ni vile tu yana adabu, na adabu hiyo mkiipanua mkaitia lami na taa haitabaki. Idara ya Wenye Haya naiondoa pia, imeshakuwepo, na mkuu wake anauza mchele. Benchi moja nitalipokea kama lipo, liwekwe kwenye baraza ya Bibi, ambayo naomba isiguswe.

Barua hii ataileta Bibi mwenyewe dirishani kesho, kwa kuwa hana imani kwamba nitavuka barabara. Jumamosi nitavuka. Watu wa uchochoroni wote watakuja ukumbini, na wamemtuma Bibi aniambie nisiogope: nikisimama, kila mtu atainama afunge kamba za viatu. Fundi saa ameahidi kukohoa.

Nimemwambia Bibi awaambie wasiiname. Wanitazame.

Nitaanza na shikamoo, Mheshimiwa. Tafadhali uitikie upesi, nisije nikajiitikia mwenyewe.